Mapambo ya harusi ya vuli: mkungu, ukindu na asmini

Harusi ya vuli haipambwi kama ya kipupwe. Baina ya Oktoba na Disemba hewa ya visiwani inakuwa nzito, mvua inaingia bila hodi, na jua likitoka baada yake linachoma. Maua ya kirepu yakipata unyevu yanachuja rangi kwenye kitambaa cheupe. Maputo yakikaa juani yanafubaa, na mengine yanapasuka kabla bi harusi hajatolewa. Gundi ya moto iliyoshika vizuri usiku inaachia saa sita mchana ndani ya gari lililofungwa vioo. Kwa hiyo mapambo yote yaliyomo humu ni ya kushona na kufunga. Gundi iwe ya dharura tu.

Rangi zinazokaa vizuri msimu huu ni damu ya mzee, rangi ya embe bivu na hudhurungi, na zari kidogo ya kuamsha. Wengi wanataka yale majani mekundu wanayoyaona kwenye picha za harusi za Oktoba za Uingereza na Marekani, halafu wananunua ya plastiki. Hakuna haja. Mti wa mkungu unafanya kazi hiyo hiyo: majani yake mapana yanageuka manjano, machungwa na mekundu kabla ya kupukutika. Ila haufuati kalenda ya Ulaya, na mti huu hauendi sawa na ule wa pili. Ukipita ukauona umewaka, okota siku hiyo hiyo hata kama harusi iko mbali, maana jani lililokaushwa vyema linasubiri.

Okota asubuhi, yaliyoanguka usiku ule au yanayoachia kwa kuguswa. Lililolala chini siku mbili lina madoa meusi, nayo hayatoki. Futa kila jani kwa kitambaa kikavu, lipange baina ya kurasa za magazeti bila kugusana na jenzake, na juu weka ubao na matofali mawili. Wanapoharibu wengi ni hapa: magazeti lazima yabadilishwe kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo. Karatasi inanyonya maji ya jani, na wakati wa vuli haikauki yenyewe. Ukiiacha, siku ya tatu unakuta ukungu wa kijivu kwenye mishipa. Baada ya wiki moja hadi siku kumi jani likipindwa kidogo linatoa mlio wa karatasi. Hapo lipake vanishi ya kupuliza isiyo na rangi, mikono miwili myembamba kila upande. Mkono mmoja mzito unaacha machozi.

Ipo njia ya pili, ya gliserini ya duka la dawa. Changanya kipimo kimoja cha gliserini na viwili vya maji kwenye sinia lenye kina, zamisha majani, yakandamize kwa sahani, yaache siku tatu au nne, kisha yafute. Yanabaki laini, hayavunjiki, na rangi inakolea kuelekea hudhurungi. Ila gliserini inavuta maji ya hewani, kwa hiyo siku ya unyevu jani linatoka jasho na kuacha doa la mafuta kwenye kitambaa. Ya gliserini yapeleke langoni, yanakoguswa na watu na upepo. Ya magazeti yapeleke jukwaani, karibu na kitambaa. Usiyachanganye.

Kuyatunga, shona kwenye kikonyo, si kwenye ubapa, kwa uzi wa pamba wa mikono miwili, kila jani lipande juu ya jenzake mpaka nusu. Mita moja inakula majani kama 20. Jukwaa la upana wa mita 3 linataka mita 5 za utungo ili ulegee katikati. Ukivutwa sawasawa unaonekana kama kamba ya kuanikia.

Jukwaa lenyewe ni fito za mvinje: mbili za mita 2.5 za kusimama na moja ya mita 3 ya kulala juu. Miguu isimame ndani ya ndoo za lita 20 zilizojazwa mchanga. Kila ndoo inafika kilo 30 hivi, na pungufu ya hapo mtoto mmoja akivuta kitambaa vyote viko chini. Kitambaa kiwe na upana mara mbili ya jukwaa, vinginevyo hakitoi mikunjo. Kwa shifoni ya upana wa mita 1.5 unahitaji vipande vinne vya mita 2.7, yaani mita 10.8, nunua 11 na nusu. Shifoni inapeperuka, basi kwenye pindo la chini shonea nati ndogo kila baada ya nusu mita, uzikunje ndani ya pindo. Satini ni nzito na haipepei, lakini tone moja la mvua linaacha alama ya duara, na mwanga wa simu unaigeuza kioo. Kwetu shifoni inashinda.

Juu ya shifoni tundika vipepeo vya ukili, yaani vile vya kujipepea vilivyosukwa kwa ukindu. Kwa upana huo vinatosha 13: vitatu vya sentimita 45, vinne vya 30 na sita vya 20. Vikusanye pembe moja ya juu vishuke kwa kupungua. Nyuma ya kichwa cha bi harusi pabaki patupu, kwa sababu kipepeo chenye rangi mbili nyuma ya ushungi wa zari kinaharibu kila picha. Ukiweza kusuka mwenyewe, anza wiki tatu kabla. Ukindu, yaani majani ya mkindu, uanikwe kwanza mpaka uwe mweupe, ndipo uchemshwe na rangi. Sufuria iwe kubwa, maji yaufunike, na uugeuze kwa mti kwa nusu saa, maana uliolala chini unakolea na wa juu unatoka mabaka. Jaribu utepe mmoja kabla ya kutumbukiza wote. Kisha suuza, na usuuze tena, mpaka maji yatoke safi, uanike kivulini.

Kabla ya kuvitundika, funga kitambaa cheupe kilicholowa maji juu ya kipepeo kimoja cha rangi ya damu ya mzee kwa saa nzima. Kitambaa kikitoka na wekundu, rudi kwenye ndoo ya kusuuzia. Rangi isiyosuuzwa vya kutosha haionekani siku kavu. Inatoka jioni ile ile ya mvua, juu ya shifoni ya mita 11.

Lango la makuti halina mengi. Kwa mlango wa mita 2 chukua makuti manane mabichi yaliyokomaa. Usikubali kukatiwa kuti changa la katikati, maana unauumiza mnazi. Pasua kila kuti katikati ya upongoo, ule uti wake wa kati, shemu utakayoipinda ichonge iwe nyembamba, na funga kwa kamba ya makumbi, si kwa waya, kwani waya unakata upongoo ukipindwa. Yakatwe asubuhi ya siku yenyewe na vitako vyake vikae ndani ya maji kivulini. Ya jana yamejikunja, na lango linakuwa chelewa tupu.

Mezani, vifuu. Kwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, pitisha msasa namba 80, halafu 150, halafu 240, anika siku tatu za jua, ndipo upake mafuta ya nazi kwa kitambaa. Kifuu kilichopakwa mafuta kingali na unyevu kinaota ukungu ndani ya wiki. Kikalishe juu ya pete ya kamba ya makumbi ili kisiyumbe. Usiweke mshumaa moja kwa moja ndani yake, kwa sababu kifuu ni kuni nzuri sana. Weka bilauri ndogo ya kioo, maji theluthi mbili, juu yake mafuta ya kupikia kina cha sentimita moja, na utambi unaoelea. Mafuta yakiisha, utambi unazama na moto unazimika wenyewe.

Bilauri za meza kuu zivalishwe dalasini: vijiti 15 vya sentimita 10 vinaizunguka bilauri ya upana wa sentimita 7. Vijiti vibane kwanza kwa mpira wa pesa, kisha funga ukili mwembamba juu ya mpira. Karafuu nazo ni msimu wake, na kisahani kimoja kinatosha meza nzima. Kisahani kiwe cha udongo au kioo. Mafuta ya karafuu yanalainisha baadhi ya plastiki na yanaacha doa la kahawia kwenye kitambaa cha meza.

Asmini ndiyo inayotaka saa yake. Inachumwa alasiri ikiwa bado imefumba, nyeupe na imejaa. Ya kijani haifunguki, na iliyofunguka kabla ya kutungwa inaanguka mkononi. Tumia sindano nyembamba na uzi wa pamba. Uzi wa nailoni unateleza na maua yote yanakusanyika chini. Choma kwenye shingo, chini kidogo ya tumba, moja ielekee kulia na nyengine kushoto, ili utungo utoke mviringo. Hivyo mita moja inakula asmini kama 250, kwa hiyo waite shoga zako mapema, kila mmoja na sindano yake. Ukitunga kwa urefu, tumba kufuata tumba, 50 zinatosha mita, lakini utungo ni mwembamba na unafaa kwa nyuzi nyingi zinazoning'inia pamoja.

Zilizotungwa zilaze kwenye sinia juu ya kitambaa kilichokamuliwa sana, funika kwa kingine, weka mahali pa baridi. Mfuko wa plastiki uliofungwa unazitoa jasho, na saa mbili baadae kingo zimekuwa za kahawia. Manukato ya chupa yenye spiriti yanaziunguza vivyo hivyo. Ukitaka kuzirashia, tumia marashi ya waridi kwa mrashi, tena kwa mbali. Zitafunguka baada ya magharibi, na asubuhi zimeshanyauka, basi utungo wa mchana wa pili ni kazi nyengine kabisa.

Vikuba vya wageni, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, vitengenezwe mwisho kabisa: kitawi cha mrehani nyuma, asmini mbele, petali za waridi, na ua moja tu la langilangi. Mbili zinameza harufu ya vyote.

Kitanda kipambwe baada ya isha. Nyuzi za asmini zifungwe kwenye besera, ile fremu ya juu ya kitanda, si kwenye chandarua, ambacho kinachanika kwa uzito. Kila utungo uukung'ute kwanza juu ya kitambaa cheupe, kwa maana sisimizi wanakaa ndani ya tumba na wanatoka taa ikizimwa. Petali za waridi na langilangi zisilale juu ya shuka. Tandaza kanga moja juu yake, mwaga maua hapo, na somo, yule mama anayemfunda bi harusi, aikunje na kuiondoa pamoja na maua yake kabla maharusi hawajalala.