Kabambe ya mtoto, simu janja ya nyumba: jinsi tulivyopanga

Mtoto wa Gredi ya 6 anayepanda matatu hapa Nairobi kutoka Umoja hadi shule iliyo Ngara anahitaji simu kwa mambo mawili: apige akichelewa, na mzazi akimtafuta ampate. Kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, ya Sh1,500 inayafanya yote mawili bila taabu. Kazi za shule ambazo mwalimu hutuma kwenye kikundi cha WhatsApp ni jambo la tatu, na kwa hilo inatosha simu janja moja inayokaa sebuleni. Nyumbani kwangu tumegawanya hivyo: kabambe ni ya mtoto, simu janja ni ya nyumba.

Nianze na kabambe, kwa sababu watu huinunua haraka haraka. Fungua mgongo wake kwanza uangalie betri. Ikiwa ni ya aina ya BL-5C, utapata nyingine karibu kila kibanda cha simu, kwenye maduka ya Luthuli mjini na mtaani pia. Ikiwa ni ya umbo la pekee, siku itakapovimba simu yote imekwisha. Halafu tazama pahali pa laini. Kabambe nyingi bado huchukua laini kubwa, na laini iliyokatwa ndogo ikiingizwa bila fremu yake huteleza hadi ndani na kupinda pini. Baada ya hapo simu inadai haina laini hata ukiweka mpya, na fundi lazima aifungue. Piga *#06# itokee namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye kibandiko chini ya betri na kwenye boksi. Zisipofanana, mrudishie muuzaji papo hapo. Zikifanana, ziandike nyuma ya risiti na uiweke risiti nyumbani.

Kuna kitu kimoja kinachokula kredo ya watoto kimyakimya. Kwenye kabambe nyingi, kitufe cha katikati kikibonyezwa hufungua intaneti. Simu ikiwa ndani ya begi la vitabu bila kufungwa vitufe, kitabu kinakibonyeza na salio linaisha kabla ya saa nne asubuhi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta njia za mkato za vitufe, ukipe kitufe hicho kazi nyingine kama kalenda au saa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya intaneti ufute akaunti ya data ya mtandao wako. Mwisho, washa kufunga vitufe baada ya nusu dakika.

Namba za haraka zipange mwenyewe: kushikilia 2 iwe mama, 3 baba, 4 jirani anayeshinda nyumbani. Mfundishe mtoto na 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, na 999 ya polisi. Namba ya mama aijue kwa kichwa pia, kwa sababu chaji huisha.

Laini ndiyo sehemu nyeti kuliko simu yenyewe. Mtoto hana kitambulisho, kwa hiyo laini husajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Maana yake, kwa mtandao na kwa kampuni yoyote inayouliza, mwenye laini hiyo ni mtu mzima. Sheria inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini laini yenye jina lako haitamzuia mtu. Vivyo hivyo kwa mikopo ya simu. Ndiyo sababu mimi humwambia wakala kabla hajaanza kusajili: laini tu, M-Pesa usifungue. Mtoto akifika umri wa kushika pesa, kuna M-Pesa Go ya miaka 10 hadi 17, ambayo hufunguliwa kwa idhini ya mzazi. Ukiwa kwenye Safaricom, piga *106# mara kwa mara uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ripoti.

Weka PIN ya laini pia, ila kadi yenye PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, ibaki kwako. PIN ikikosewa mara 3 laini hudai PUK, na PUK ikikosewa mara 10 laini hiyo haifufuki.

Kredo tunasambaza kidogo kidogo, Sh20 au Sh30. Usimzoeshe mtoto Okoa Jahazi, mkopo wa kredo wa Safaricom: inakata asilimia 10 ya mkopo, na kredo utakayoweka baadaye inamezwa na deni kabla hajapiga simu hata moja. Salio likiisha, kwenye Safaricom anatanguliza alama ya # kabla ya namba yako. Ukikubali, wewe ndiwe unayelipia.

Sasa simu ya nyumba. Hapa usinunue ya bei ya chini kabisa. Simu yenye RAM ya GB 2 hukwama mtoto akiwa katikati ya kazi, na nafasi ya GB 32 hujazwa na video za vikundi muhula haujaisha. RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 zinatosha kwa miaka kadhaa. Ukinunua iliyotumika, hakikisha haikuchukuliwa kwa lipa mdogo mdogo, yaani malipo ya awamu, ambayo haijamalizika, kwa sababu aliyeuza akiacha kulipa simu inafungwa ikiwa mkononi mwako. Hakikisha pia mwenyewe wa awali ameondoa akaunti yake ya Google mbele yako kabla ya kuifuta simu. Ikifutwa kwanza, ikiwaka itadai nywila yake, na atakuwa amekwisha kwenda zake.

Simu ikiwa safi, fungua akaunti ya mtoto kupitia Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu za watoto, iliyo kwenye simu yako, kisha uiingize akaunti hiyo wakati wa kuwasha mara ya kwanza. Ukiingiza ya kwako na kuongeza ya mtoto baadaye, utasumbuka. Sisi tumeweka muda wa matumizi wa saa moja siku za shule, saa mbili wikendi, YouTube nusu saa, na simu inajifunga saa mbili na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kila programu mpya inaomba idhini kwangu.

Mwanya mkubwa uko kwingine. Watoto wa mtaani hupeana michezo kwa Xender, programu ya kutumiana faili, au kwa memori kadi, bila kupitia Play Store. Kwenye Family Link, upande wa mipangilio ya kifaa, zima ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Ujue pia kwamba mipaka uliyokwisha kuweka hufanya kazi hata bila bando, lakini mabadiliko unayofanya ukiwa kazini hayafiki hadi simu ya nyumbani ipate intaneti. Wazazi wengi hudhani programu imeharibika.

WhatsApp ya darasa ibaki kwenye namba ya mzazi. Umri wa chini wa akaunti ya kawaida ya WhatsApp ni miaka 13, na kikundi cha wazazi hakimhusu mtoto hata kidogo. Mimi humtumia mtoto picha ya zoezi kwenye simu ya nyumba, au nachapisha kwa saiba iliyo karibu. Kwenye *544# ya Safaricom kuna pahali pa kuzuia data isile kredo bando likiisha. Washa kizuizi hicho siku ya kwanza.

Kijana wa Gredi ya 9 atakuambia wenzake wote wana simu kubwa, na kwa kiasi fulani anasema kweli. Uchungu wa kuachwa nje ya kikundi cha marafiki ni wa kweli, tusiudharau. Kwa huyo tunaongeza muda kwenye simu ya nyumba, na WhatsApp yake inakaa humo kwa namba yake, vikundi vikiwekwa kwamba waliomo kwenye orodha ya namba zake tu ndio wanaoweza kumwingiza. Akienda bweni suala linakwisha lenyewe, maana shule za bweni haziruhusu simu. Lakini simu ya Sh40,000 siwezi kuitetea. Kwa pesa hizo unapata laptop iliyotumika iliyo imara, na kijana anayependa kuhariri video au kuandika programu atafika mbali zaidi nayo.

Simu pia huibwa. Mwenye simu kubwa akikaa dirishani kwenye foleni anaviziwa, mwenye kabambe haviziwi sana. Ikipotea, funga laini kwanza kwa kupiga huduma kwa wateja, kisha nenda kituo cha polisi na ile risiti yenye IMEI upewe namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Laini mpya lazima aifuate aliyeisajili, akiwa na kitambulisho chake halisi, kwa hiyo usimtume shangazi wala dereva.