Tulivyompata mjomba wa Bibi katika nyaraka za Kanada

Tarehe 1 Juni 2023 sensa ya Kanada ya mwaka 1931 ilifunguliwa kwa umma. Sheria ya huku inataka miaka 92 ipite kabla ya majina ya watu kuonekana, kwa hiyo watafiti wa nasaba walikuwa wakiisubiri siku hiyo kama watu wanavyosubiri mwezi kuandama. Nami nilikuwa miongoni mwao, ingawa ukoo wangu wote uko Tanga na mwaka 1931 hakuna aliyewahi kufika Kanada. Nilikuwa naisubiri kwa ajili ya Bibi.

Bibi ana karibu miaka tisini na ninamhudumia nyumbani kwake Peterborough, mji wa jimbo la Ontario. Amezaliwa Kanada na watoto wake wote wako Kanada. Jambo moja tu lilimsumbua: mama yake hakuwahi kusema ametokea kwa nani. Alikuja kutoka Uingereza akiwa mdogo, basi. Hakukuwa na picha wala barua, na hakuna shangazi wala mjomba aliyewahi kutajwa mezani. Siku moja tukikunja nguo aliniambia, "Mama alianza yeye mwenyewe. Ni kama hakuzaliwa na mtu." Mimi nimekua nikijua majina ya babu zangu kabla ya kujua kusoma. Maneno yale sikuweza kuyaacha yapite.

Sensa ilipofunguliwa, haikuwezekana kuandika jina ukapata jibu. Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada, iliyoko Ottawa, iliweka picha za kurasa zaidi ya 234,000, lakini faharasa ya majina ilikuwa bado inatengenezwa kwa kompyuta inayosoma mwandiko wa mkono. Mwanzoni ulilazimika kujua wilaya na eneo dogo ndani yake, kisha ufungue ukurasa mmoja baada ya mwingine. Karatasi zenyewe ziliharibiwa mwaka 1955, kilichobaki ni filamu zake, na baadhi ya kurasa ni hafifu hata ukizikuza. Kwa bahati Bibi alijua shamba la wazazi wake lilikuwa upande gani wa barabara na majirani walikuwa akina nani. Tukawatafuta majirani kwanza, maana karani wa sensa alitembea nyumba kwa nyumba.

Tulipowaona, Bibi mwenyewe hakuwamo kwa kuwa alikuwa hajazaliwa. Walikuwamo baba yake, mama yake na kaka zake wawili wakubwa. Karani aliandika hata kama familia ina redio, na wao hawakuwa nayo. Bibi alicheka sana, kwa sababu baba yake alikuwa akidai kuwa wao ndio waliotangulia kununua redio kijijini. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye safu ya mwaka wa kuingia Kanada. Mbele ya jina la mama yake paliandikwa 1909, na ukitoa miaka, alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Mtoto wa miaka kumi havuki Atlantiki peke yake. Niliyemwonyesha ukurasa ule ni mama mmoja anayejitolea katika chama cha historia ya familia hapa mjini. Hakusita: "Angalia orodha ya Home Children."

Hawa ni watoto wa Uingereza waliopelekwa Kanada na mashirika ya hisani kufanya kazi mashambani na majumbani. Kundi la kwanza lililetwa na Maria Rye mwaka 1869 hadi Niagara-on-the-Lake, na kwa jumla walipita laki moja. Wengi hawakuwa yatima. Walikuwa watoto wa wajane, wa wagonjwa, wa watu walioshindwa kodi ya nyumba. Huku walichekwa kama watoto wa mitaani wenye damu mbaya, ndiyo maana wengi walipokua walinyamaza kabisa, hata kwa wenzi wao. Bunge la Kanada liliomba radhi tarehe 16 Februari 2017. Wengi wa walioombwa radhi walikuwa wamekwisha kufa.

Orodha yenyewe imo katika hifadhi ya Ottawa na haina malipo. Majina yametolewa katika orodha za abiria wa meli, na kazi kubwa ya kuyanakili ilifanywa na watu wa kujitolea wa BIFHSGO, chama cha historia ya familia cha Ottawa. Naomba nisisitize hapa: bila wastaafu wale kukaa na kunakili jina moja moja, watu kama Bibi wangekufa hawajui. Nilitafuta kwa jina la mama yake la kabla ya ndoa. Jina hilo lilikuwa katika hati ya ndoa ya mwaka 1922, ambayo iko wazi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ontario, na Ontario hati ya ndoa hutaja wazazi wa pande zote mbili. Kwa mtu anayemtafuta mwanamke, ningesema aanze na hati ya ndoa, maana baada ya hapo jina la kwao halionekani tena.

Alikuwamo. Umri miaka kumi, mwaka 1909, msafara wa Barnardo, mojawapo ya yale mashirika ya hisani ya Uingereza, mwisho wa safari Peterborough.

Bibi aliniomba nisome tena neno la mwisho. Nyumba ya kupokelea wasichana wa Barnardo ilikuwa hapa hapa, ikiitwa Hazelbrae. Mama yake aliishi karibu na mji huu hadi kufa kwake, akija sokoni, akipita njia zile zile, na hakuwahi kunyoosha kidole akasema ndipo nilipofikia. Sensa ya 1911 ilituonyesha alikopelekwa kutoka hapo: nyumba ya mkulima karibu na Lindsay, mji mwingine wa Ontario. Watoto wa mwenye nyumba wanaitwa mwana na binti. Yeye, wa umri sawa nao, ameandikwa mtumishi.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kuwakumbuka watoto hawa. Ontario iliiweka kwa sheria mwaka 2011, na bunge la taifa likafuata mwaka 2018. Nilimpeleka Bibi kwenye mkusanyiko wa mwaka ule wa 2023 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hati zake zote zikiwa kwenye bahasha mapajani. Mzee mmoja, mtoto wa mvulana wa Barnardo, alitupa shauri lililobadilisha kila kitu. Alisema wavulana walipokelewa Toronto na wasichana Peterborough, hivyo ndugu waliotoka tumbo moja walitengana pindi treni inapowashusha. "Mkiomba faili la mama," alisema, "ulizeni kama kulikuwa na kaka."

Faili huombwa Barnardo's kwenyewe Uingereza. Wanataka uthibitisho kwamba wewe ni wa damu, kwa hiyo tulipeleka cheti cha kuzaliwa cha Bibi na cheti cha kifo cha mama yake, na kuna ada. Kusubiri ni kwa miezi. Msomaji mwenye mzee wa umri wa Bibi asichelewe kuanza.

Faili lilipofika tulilisoma asubuhi, baada ya chai, akiwa na nguvu. Baba alikuwa kibarua wa bandarini London, akafa. Mama alifua nguo za watu hadi mapafu yakamshinda. Kulikuwa na karatasi ya kukubali watoto wapelekwe Kanada, na mahali pa sahihi mama ameweka alama ya msalaba. Kulikuwa na picha ya msichana mwenye nywele zilizokatwa kichwa kizima. Bibi aliigusa picha akasema, "Ni mdomo wa binti yangu." Na chini ya ukurasa wa pili: kaka mmoja, mkubwa kwa miaka mitatu, amepelekwa Toronto mwaka 1907.

Basi Bibi alikuwa na mjomba.

Kumtafuta huyu hakukuchukua hata wiki. Wavulana wengi wa misafara ile walijiandikisha katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mafaili ya jeshi la Kanada la vita hivyo, zaidi ya laki sita na elfu ishirini, yamewekwa yote kwenye mtandao tangu 2018, bure. Tulimpata kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Faili la askari lina urefu wake, rangi ya macho, kovu lililoko wapi, dini, mshahara, magonjwa. Lina pia swali la ndugu wa karibu na anwani yake. Alijiandikisha mwaka 1915, na jibu lake kwa swali hilo lilikuwa jina la mama yake Bibi, dada, shamba karibu na Lindsay. Anwani ile ilikatwa kwa mstari na juu yake ikaandikwa nyingine, halafu na hiyo ikakatwa. Kila dada yake alipohamishiwa kwa mkulima mwingine, kaka aliyekuwa vitani Ufaransa alikuwa na habari.

Hapo Bibi alilia, nami pia. Maisha yake yote aliamini kwamba mama yake hakuwa na mtu.

Askari yule alirudi salama mwaka 1919. Majimbo matatu ya nyanda za magharibi mwa Kanada yalikuwa na sensa yao ya 1926, nayo iko wazi, na humo tukamkuta katika mojawapo, Saskatchewan, akiwa na mke na watoto wawili. Niliandika barua kwa watu wanaotunza historia ya kijiji kile, nikaeleza mimi ni nani na ninamwandikia nani, nikaambatanisha ukurasa wa jeshi wenye anwani zilizokatwa. Sikuomba namba ya simu ya mtu yeyote. Niliomba tu barua yangu ifikishwe kama kuna aliyebaki.

Aliyepiga simu ni mjukuu wa mjomba, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Alikuwa na picha ya msichana ambayo familia yao haikujua ni nani, nyuma yake imeandikwa Peterborough. Wakati wa kiangazi anakuja kwa gari pamoja na binti yake. Nimepanga nakala zote kwa miaka, seti moja ya kwao na moja ya watoto wa Bibi, na Bibi ameagiza ya tatu ipelekwe kwa yule mzee wa tarehe 28 Septemba.