Oska wangu kagoma kula

Jamani leo nimeumia. Oska wetu yule mkubwa, hawa samaki wa kufuga ndani, kafa usiku, kabaki mwenzie peke yake kwenye tangi, na walikuja wote wakiwa wadogo kama kidole wakakua pamoja.

Asubuhi nimemtoa, nikapunguza maji nikaongeza mengine safi, maana samaki akifia ndani sumu ya amonia inapanda na inaweza kumuua hata huyu aliyebaki.

Nikajua yameisha. Wapi!

Huyu kawa mweusi tii, ile michirizi ya rangi ya chungwa imefifia, kajilaza ubavu kwenye kona ile ile waliyokuwa wanalala wawili. Namtupia peleti, hageuki. Na ndo huyu huyu akisikia tu kifuniko anakuja juu mdomo wazi! Leo nimegonga, kanitazama kwa jicho moja, akageukia ukutani.

Lile jicho limenikaa moyoni mpaka sasa.

Mtu asiniambie samaki hana hisia. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa waliwachunguza samaki wa jamii hiyo hiyo ya oska, inaitwa sikilidi, hata sato ni ndugu yao, wakaona majike waliotenganishwa na dume waliyemchagua wanasitasita hata kufungua kisanduku ambacho huenda kina chakula, yaani kama wamekata tamaa.

Wenye oska, wenu walikaa muda gani bila kula? Na nimletee mwenzie mpya sasa hivi au nisubiri, maana oska anavyolinda eneo lake naogopa watapigana. Niambieni jamani.