Jani lililogoma kuwa jeusi

Darasa la Sita, mada ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mara mbili nimefanya jaribio la wanga, ambapo iodini hugeuza jani lenye wanga kuwa jeusi, mara mbili jani limebaki na ukahawia wa iodini tu. Watoto wakacheka, mimi nikailaumu iodini ya duka la dawa. Kumbe kipindi chetu kilikuwa saa mbili asubuhi, na usiku kucha mmea ulikuwa umetumia wanga wake!

Nikahamishia jaribio saa nane mchana. Jani la muhogo nikalichemsha kwenye maji, kisha nikaliweka kwenye kopo la spiriti ndani ya sufuria ya maji moto, jiko nimeshalizima, maana spiriti hushika moto upesi. Likatoka limepauka, kavu kama karatasi. Nikalisuuza kwa maji ya uvuguvugu likalainika. Matone mawili ya iodini, weusi ukatambaa.

"Mwalimu, na jani likifunikwa lisipate jua, nalo litakuwa jeusi?"