EGFR ya maabara: jua kwanza umenunua kipande gani

Kabla ya kuagiza EGFR ya binadamu (protini ya utando wa seli inayopokea EGF, protini ya kuchochea ukuaji), soma ni kipande gani. Cha nje ya seli kazi yake ni kushika vichocheo kama EGF tu. Hakina sehemu ya kinasi (inayohamisha fosfati kutoka ATP), kwa hiyo ukikitilia ATP utangoja bure. Cha ndani ndicho chenye kazi hiyo, nacho hutaka magnesi pamoja na ATP.

Cha nje mara nyingi huja unga mkavu. Huku Unguja, masika hasa, usifungue kichupa kikiwa baridi: unyevu utaingia. Kiache kipate joto la chumba, kizungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), ndipo utie bafa (mmumunyo wa kutuliza pH) taratibu. Povu huharibu umbo la protini.

Cha ndani kigawe maikrolita 10 kila kichupa, nyuzi -80. Tafadhali, friza iwe na jenereta: umeme ukikatika, kuyeyuka na kuganda tena ndiko kunakokiua.