Matairi mapana kwa matope ya Mabira na Sipi: kumbukumbu ya mradi wangu

Baiskeli: fremu ya alumini ya inchi 29, shoki mbele tu, nyuma ngumu. Rimu zina milimita 25 kwa ndani. Mpandaji pamoja na mkoba na maji, kilo 78. Matairi yaliyokuwepo ni ya upana wa inchi 2.1, meno mafupi yaliyosongamana, na la nyuma limekaribia kipara. Kazi ni kupata jozi moja ya kupita njia za msitu wa Mabira, Uganda, vichochoro vya mashamba ya kahawa kule Sipi, na murram (barabara za changarawe nyekundu) yote iliyo kati, kwa mvua za Machi hadi Mei, bila kubadilisha matairi kila Jumamosi.

Wiki ya 1: nafasi kwanza, duka baadaye

Wengi huingia dukani wakiwa na 2.6 kichwani, wakirudi nyumbani gurudumu halizunguki. Kabla ya shilingi yoyote kutoka, pima fremu. Rula inadanganya pale kwenye kona za mabomba. Funguo za alen, zile za pembe sita, ni geji nzuri zaidi. Pitisha ya milimita 6 kati ya tairi na bomba la fremu, kushoto na kulia, kisha ya 8, kisha ya 10. Milimita 6 ndiyo chini kabisa hata kiangazi. Kwa matope ya mfinyanzi nataka ya 8 ipite bila kugusa nyuma, na ya 10 ipite chini ya daraja la foki. Zungusha gurudumu zima unapopima, maana rimu iliyopinda inakula milimita 2 kimyakimya.

Matokeo: nyuma, bomba hadi bomba pale tairi linapokuwa pana zaidi, ni milimita 76. Ukitoa 8 kila upande zinabaki 60. Mbele, kati ya miguu ya foki, kuna 86. Kwa hiyo nyuma haiwezi kupita 2.25 (milimita 57). Mbele 2.4 (milimita 61) inakaa na nafasi ya zaidi ya 12 kila upande.

Usichukue namba ya ubavuni kama amri. Tairi jipya likishapampiwa usiku mmoja hutanuka milimita 1 au 2. Rimu nayo ina mchango: kila milimita 5 za upana wa ndani zikiongezeka, tairi huongezeka kama 2. Na kwenye matairi mengine meno ya pembeni yanatoka nje kuliko ubavu wenyewe, kwa hiyo pima meno.

Jambo moja la sokoni. Soma namba ndogo zilizochapwa kwa mfumo wa 57-622. Ya pili ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. 29 ni 622, 27.5 ni 584, 26 ni 559. Gaali (baiskeli) nyeusi za mizigo za 28 x 1½ zinatumia 635, ilhali baiskeli nyingine za lami zilizoandikwa "28" ni 622, yaani sawa kabisa na 29. Muuzaji anayesema "28 na 29 ni zilezile" anaweza kuwa sahihi au akakuuzia tairi linalocheza kwenye rimu kama kofia ya mtu mwingine. Namba ya 622 haina mabishano.

Wiki ya 2: udongo

Neno "matope" halitoshi kuchagulia tairi. Chukua udongo wa njia yenyewe, ulowanishe, uukande mpaka uwe laini, kisha uuminye kati ya kidole gumba na cha shahada ukiusukuma juu utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, udongo hauna mfinyanzi mwingi na tairi litajisafisha lenyewe. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi wa kweli.

Udongo wa kando ya mashamba ya Sipi ulipita 5 na bado ukaning'inia. Elgon, mlima wa Sipi, ni volkano ya zamani, na miamba yake ikioza hutoa udongo wa namna hiyo. Wa Mabira, chini ya majani yaliyooza, ulikatika kwenye 3 hivi. Tatizo la kule ni mizizi iliyolowa. Murram haikutoa utepe wa maana: kokoto zake hukaa juu ya sehemu ngumu na tairi huteleza kama limekanyaga punje za mahindi.

Mfinyanzi mkavu ni zege, na ukiwa uji unachuruzika wenyewe. Balaa ni hali ya katikati, kama posho (ugali) iliyoanza kushika mwiko. Ndiyo maana saa moja baada ya mvua kukatika ni mbaya kuliko wakati mvua inanyesha.

Wiki ya 3: meno

Hapa ndipo ushauri wa "pana ndiyo bora" unapoanguka. Kwenye tope jepesi lenye chini ngumu, tairi jembamba, 1.8 hadi 2.0, hukata tope na kushika ardhi. Tairi pana huelea juu yake na kuteleza. Kwenye mchanga, mizizi na mawe yaliyolegea mambo yanageuka: pana lenye upepo mdogo hujikunja juu ya kila kizuizi na kushika. Njia mchanganyiko inataka vyote viwili, na suluhu iko kwenye nafasi kati ya meno kuliko kwenye inchi.

Kipimo ni ufunguo uleule wa 8: ulale kati ya safu mbili za meno ya katikati ukigusa mpira wa chini. Ukikataa kuingia, mfinyanzi utajaa hapo, na baada ya mita mia tairi litakuwa donati laini. Urefu wa meno: milimita 4 hadi 5. Ya 6 na kuendelea ni ya matope matupu. Kwenye murram ngumu yanajipinda kwenye kona na kukatika mizizi.

Kilichochaguliwa mbele: 2.4, meno yaliyoachana, ya pembeni makubwa na ya mraba, mpira laini wa ugumu wa 50 hivi kwa kipimo cha Shore A. Gurudumu la mbele likiteleza kwenye mzizi uliolowa huna nafasi ya pili, kwa hiyo ulaini unakwenda huko hata kama unaisha haraka. Nyuma: 2.25, meno ya chini kidogo yenye mteremko upande wa mbele ili liende vizuri, mpira wa 60, kitambaa kizito cha nyuzi 60 kwa inchi. Cha 120 ni chepesi na kinajikunja vizuri, lakini nyuma ndiko mawe yanakopiga.

Mshale wa mwelekeo uko ubavuni. Hata mafundi wazuri huusahau.

Wiki ya 4: kufunga bila tyubu

Tyubu zilitolewa, kwa sababu upepo mdogo na tyubu haviishi pamoja: jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba, kama nyoka ameuma.

Rimu ilisafishwa kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Utepe wa rimu wa kuziba matundu ya spoki, milimita 28, umevutwa kwa nguvu, ukaanza sentimita 10 kabla ya tundu la vali na kuishia sentimita 10 baada yake. Tundu la vali lilitobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Kisu huacha mpasuko unaoendelea kuchanika. Rimu hizi zina tundu la milimita 6.5, la vali ya Presta, ile nyembamba. Ukikuta la 8.5 ni la vali nene, aina ya pikipiki, na Presta humo itavuja bila kizibo cha mpira.

Dawa ya kuziba pancha: mililita 120 mbele, 100 nyuma. Kingo za tairi zikapakwa maji ya sabuni, moyo wa vali ukatolewa ili hewa iingie kwa kishindo, na kompresa ya gereji ya boda ikafanya ambacho pampu ya mkono ilishindwa. Sikiliza milio miwili, pah, pah, ukingo mmoja baada ya mwingine. Kisha angalia mstari mwembamba uliochongwa karibu na rimu: uwe na umbali sawa kuzunguka kote. Usipite kamwe shinikizo la juu lililoandikwa kwenye tairi au rimu.

La nyuma lilipoteza upepo usiku kucha. Povu la sabuni halikutoka kwenye tairi, lilitoka kwenye nipeli ya spoki, kile kinati kinachoishika kwenye rimu. Mara nyingi hiyo ina maana kwamba utepe umepasuka au haujashika, na hewa inapita ndani ya rimu. Kumwaga dawa zaidi hakusaidii. Utepe ukatolewa, ukarudiwa.

Wiki ya 5 na 6: upepo

Tairi pana linataka upepo mdogo kwa sababu mvutano wa kitambaa unaongezeka na shinikizo na pia upana. Psi 28 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye 2.1 ni laini, kwenye 2.4 ni ubao. Tulianza na 24 mbele na 27 nyuma, tukashusha moja moja kwenye kipande kilekile cha njia. Dalili za kupita kiasi ni mbili: rimu kugonga jiwe, na tairi kuyumba chini yako kwenye kona. Kwa kilo 78 ilisimama kwenye 20 mbele na 24 nyuma. Kwa siku ya murram kavu peke yake, ongeza 2. Geji ya pampu ya mguu inakisia tu chini ya psi 30. Nunua ndogo ya kidijitali.

Sipi, baada ya mvua: mbele palijisafisha pakifika mwendo wa kawaida. Nyuma tope lilijikusanya nyuma ya kiti cha pedeli, pale mabomba mawili ya chini yanapokutana, mahali ambapo funguo za alen hazikufika vizuri. Kumbe penyewe pana milimita 6 tu. Madigadi ya plastiki yameondolewa, yalikuwa yanashika tope kama kikaango. Kijiti cha mwanzi sasa kimefungwa kwenye fremu kwa mpira wa tyubu ya zamani, cha kukwangulia.

Linalofuata: kukata kwa koleo kali ncha za meno ya katikati ya tairi la nyuma, milimita 1 tu, jino moja na kuruka moja, kuona kama tope litaachia mapema. Dawa ya kuziba itakaguliwa baada ya miezi miwili. Kwa joto la huku haifiki mitatu ikiwa majimaji.