Kumbe sufuria haivuji, jamani

Miaka yote nilijua sufuria yangu inavuja. Ukiiweka na maji baridi kwenye jiko la gesi, kitako kinatoa jasho, matone yanadondokea motoni tsss! Jana binti yangu wa kidato cha pili kaniomba tusawazishe mlinganyo wa kemia wa propani, moja ya gesi za kwenye mtungi wa kupikia, ikiungua. Tumefuta mpaka karatasi ikatoboka. Kaboni 3, rahisi. Hidrojeni 8, basi maji 4. Oksijeni ndiyo iliyotusumbua, hadi tukapata:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Nikayakodolea macho yale maji 4. Yaani gesi ikiungua inatoa maji, mvuke unakutana na kitako cha baridi! Na fundi nimeshampelekea hiyo sufuria mara mbili, akapokea hela kimya.